Kwa nini Mayele aliondoka Yanga? Mkulima wa Ufipa anaijua hesabu hii

Fiston Mayele aliondoka Yanga Julai 2023, lakini mjadala wake bado upo. Kuanzia vibanda umiza vya Kizwite na Chanji mjini Sumbawanga hadi vijiwe vya Laela, Matai na Namanyere, jina lake likitajwa tu watu wanagawanyika. Wapo wanaosema jamaa alisaliti. Wapo wanaosema mabosi walimuuza kwa tamaa. Na wapo wanaoamini kwamba angevumilia mwaka mmoja tu, Yanga ingefika mbali zaidi Afrika.

Jibu lenyewe halina siri kubwa. Mayele alisepa kwa sababu vitu vinne vilikutana kwa wakati mmoja: mkataba uliokuwa unaelekea ukingoni, umri, soko lenye mkwanja mrefu, na klabu iliyoona kwamba ikikataa kuuza leo, kesho inaweza kumpoteza bure.

Hiyo ni hesabu ambayo mkulima wa mahindi Ufipa anaifanya kila mwaka. Tofauti ni kwamba yeye anaifanya akiwa na gunia, siyo straika.

Kwa kifupi

- Mayele, raia wa DR Congo, alicheza Yanga misimu 2: 2021/22 na 2022/23.
- Alifunga mabao 16 ya ligi msimu wa kwanza na 17 msimu wa pili.
- Alikuwa kinara wa mabao wa Kombe la Shirikisho Afrika 2022/23 akiwa na mabao 7.
- Julai 2023 aliuzwa Pyramids FC ya Misri akiwa bado ndani ya mkataba.
- Juni 2025 alifunga kwenye fainali na kubeba Ligi ya Mabingwa Afrika.

Alikuwa na maana gani kwa Yanga?

Kuelewa kwa nini watu waliumia, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mayele alitua Jangwani katikati ya 2021 akitokea AS Vita Club ya Kinshasa. Yanga wakati huo ilikuwa na njaa. Simba ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi misimu 4 mfululizo, na Wananchi walikuwa hawajagusa kombe hilo tangu msimu wa 2016/17.

Haikuchukua muda. Septemba 25, 2021, kwenye mechi ya Ngao ya Jamii, Mayele aliifunga Simba bao pekee na Yanga ikashinda 1-0. Agosti 2022, kwenye Ngao ya Jamii iliyofuata, akaifunga Simba tena, safari hii mabao 2, na Yanga ikashinda 2-1.

Kwenye ligi, msimu wa 2021/22 alitupia mabao 16. Alizidiwa bao 1 tu na George Mpole wa Geita Gold aliyemaliza na 17. Msimu wa 2022/23 Mayele akafunga 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Misimu yote miwili Yanga ikawa bingwa.

Halafu kuna kutetema. Ile staili yake ya kushangilia ilitoka Uwanja wa Mkapa ikaingia kwenye harusi, kwenye viwanja vya shule na kwenye video za simu. Mtoto akifunga bao la mpira wa makaratasi, anatetema. Hata shabiki wa Simba aliyeichukia alikuwa anajua kuiigiza.

Kilele kilikuja kwenye Kombe la Shirikisho. Yanga ilifika fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria. Mei 28, 2023 jijini Dar es Salaam Yanga ilifungwa 2-1, na bao la Yanga lilikuwa la Mayele. Juni 3 ikaenda Algiers na kushinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, kombe likaenda Algeria kwa sheria ya bao la ugenini.

Kwa hiyo Yanga ilikosa kombe la Afrika kwa wembamba wa uzi, na wiki chache baadaye mfungaji wake mkuu akaondoka. Hapo ndipo neno "usaliti" lilipopata nguvu mitaani.

Sababu ya 1: Mkataba unaliwa kila mwezi

Mashabiki wengi huangalia mabao. Klabu na mawakala huangalia tarehe ya mwisho wa mkataba.

Sheria za FIFA ziko wazi. Mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine na hata kusaini makubaliano ya awali. Mkataba ukiisha, anahama bure. Klabu aliyotoka hailipwi ada ya uhamisho.

Chukua mfano wa ghala. Mkulima wa Ufipa anavuna mahindi Juni na Julai. Bei wakati huo mara nyingi iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Akiweka ghalani hadi Januari, bei inaweza kupanda. Lakini ghalani kuna dumuzi. Gunia likikaa bila dawa, siku ya kulifungua unga ni mwingi kuliko punje.

Mkataba wa mchezaji una dumuzi wake, nao ni kalenda. Straika mwenye miaka 3 ya mkataba ana bei kubwa, kwa sababu anayemtaka hana njia nyingine ya kumpata. Akibakiza mwaka 1, bei inashuka. Akibakiza miezi 6, mnunuzi mjanja anaacha kupiga simu kwa klabu. Anampigia mchezaji.

Dawa ya dumuzi huyo ni moja tu: kumuongezea mchezaji mkataba. Lakini dawa hiyo inahitaji saini ya mchezaji mwenyewe. Akisema hapana, klabu inabaki na njia 2: kuuza sasa hivi, au kusubiri na kumpoteza bure.

Mayele aliondoka kwa njia ya kwanza. Pyramids ilimnunua akiwa bado mali ya Yanga.

Sababu ya 2: Miaka 29 haisubiri

Mayele alizaliwa Juni 24, 1994. Dirisha la usajili la 2023 lilipofunguliwa, alikuwa ametimiza miaka 29.

Kwa mtu wa kawaida huo ni ujana. Kwa straika anayetegemea mbio, nguvu na kuruka, ni umri wa kupiga hesabu kali. Klabu kubwa zinapenda kutoa mkataba mrefu kwa mchezaji wa miaka 22 au 24, kwa sababu zinaweza kumuuza tena. Mchezaji wa miaka 31 au 32 hupewa mkataba mfupi na masharti mengi.

Kwa maneno mengine, dirisha la 2023 huenda lingekuwa la mwisho kwa Mayele kupata mkataba mnono wa miaka kadhaa. Alikuwa ametoka kuwa kinara wa mabao wa mashindano ya Afrika. Jina lake lilikuwa juu kuliko wakati wowote. Angebaki akaumia goti Oktoba, wanunuzi wote wangezima simu.

Mashabiki husema "angesubiri kidogo". Kusubiri kuna gharama, na anayeilipa ni mchezaji, siyo shabiki.

Sababu ya 3: Misri kuna soko lingine

Pyramids siyo jina la zamani kama Al Ahly au Zamalek. Klabu hiyo ilikuwa inaitwa Al Assiouty Sport hadi 2018, iliponunuliwa na tajiri wa Saudi Arabia Turki Al-Sheikh, ikabadilishwa jina na kuhamia Cairo. Mwaka 2019 ikachukuliwa na Salem Al Shamsi wa Falme za Kiarabu. Tangu hapo imekuwa klabu ya pesa inayotafuta makombe ili ijenge heshima.

Msimu wa 2022/23 ilimaliza ya pili kwenye ligi ya Misri na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Ilihitaji straika anayeujua mpira wa Afrika, aliyezoea kufunga ugenini. Mayele alikuwa ametoka kufunga mabao 7 kwenye Kombe la Shirikisho. Haikuwa kazi ngumu kumwona.

Tofauti ya pesa nayo haifichiki. Soka la Tanzania limekua kwa kasi. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni kati ya TFF na Azam Media, uliosainiwa 2021, ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Ukigawanya ni wastani wa Sh22.56 bilioni kwa mwaka, na hizo zinasambazwa kwa klabu zote za ligi na mambo mengine. Rais Samia Suluhu Hassan naye alianza kununua kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika kwa Sh5 milioni mwaka 2023, utaratibu uliopewa jina la Goli la Mama.

Hayo yote yanasaidia. Lakini klabu yenye mmiliki tajiri wa Ghuba inapoingia sokoni, mzani unalala upande mmoja. Ni kama mnunuzi wa soko la Mandela anaposhindana na mwenye malori 10 aliyetoka nje ya nchi. Wote wanataka mahindi yaleyale, ila mmoja hababaishwi na bei.

Mayele si wa kwanza kufuata njia hiyo. Agosti 2021 Simba iliwauza Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Straika wa ligi ya Tanzania akifanya vizuri Afrika, Waarabu wa kaskazini wanajua namba ya simu ya kupiga.

Sababu ya 4: Yanga nayo ilipiga hesabu

Hapa ndipo mashabiki wengi hupitiwa. Mchezaji aliye ndani ya mkataba hawezi kuondoka kihalali hivi hivi tu. Klabu lazima ikubali kuuza, au mkataba uvunjwe kwa taratibu zilizopo. Yanga ilikubali.

Kwa nini? Angalia ilichokuwa inakipata na ilichokuwa inaweza kukipoteza.

Kufika fainali ya Shirikisho kuliiletea Yanga zawadi ya CAF ya Dola 1 milioni kama mshindi wa pili. Bingwa alichukua Dola 2 milioni. Hizo ni pesa za maana, lakini ni pesa za mara moja. Kwa klabu ya Afrika Mashariki, kumuuza mchezaji mmoja kwa bei nzuri kunaweza kulipia usajili wa wachezaji kadhaa wapya.

Halafu kuna hesabu ya chumba cha kubadilishia nguo. Mchezaji ambaye moyo wake umeshaondoka, ukimlazimisha kubaki, mazoezini atakuwepo na kwenye picha atakuwepo. Ila zile dakika za 82 za kukimbilia mpira uliokufa huna uhakika nazo.

Wengine waliondoka kwa kelele

Ili kuona kwamba Mayele aliondoka kwa njia ya kistaarabu, linganisha na kesi 2 za karibu.

*Feisal Salum, Yanga kwenda Azam.* Feisal si straika, ni kiungo mshambuliaji, lakini kesi yake ilifundisha nchi nzima kusoma mikataba. Desemba 2022 alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga na akalipa Sh112 milioni kwa tafsiri kwamba hicho ndicho kinachotakiwa. Yanga ikakataa. Kamati ya TFF ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaenda miezi, akiwa hachezi. Juni 2023 Rais Samia akawaomba viongozi wa Yanga walimalize suala hilo, na mwezi huohuo Feisal akaenda Azam kwa makubaliano ya klabu na klabu.

*Prince Dube, Azam kwenda Yanga.* Straika huyu wa Zimbabwe aliomba kuondoka Azam Machi 2024. Ukazuka mzozo juu ya tarehe ya mwisho wa mkataba na kiasi cha kuuvunja. Alimaliza msimu akiwa nje ya uwanja. Julai 2024 akatambulishwa Yanga.

Wote wawili walipoteza miezi ya kucheza. Mayele hakupoteza hata wiki moja ya msimu. Alimaliza ligi, akamaliza fainali ya Afrika, akauzwa dirisha lilipofunguliwa.

Shabiki anaweza kuumia, na ana haki. Ila kuondoka kwa aina hii, ambako klabu imelipwa na mchezaji amemaliza kazi yake, ni vigumu kukuita usaliti.

Je, nani alifaidika?

Mwaka wa kwanza jibu lilikuwa la kuchekesha.

Yanga bila Mayele iliifunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023. Ikachukua ubingwa wa 2023/24. Kwenye Ligi ya Mabingwa ikafika robo fainali na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti, baada ya mechi zote mbili kuisha 0-0. Pyramids ya Mayele iliishia hatua ya makundi.

Lakini pengo la straika lilikuwepo. Yanga ilimleta Hafiz Konkoni kutoka Ghana, haikwenda vizuri, na Januari 2024 akaja Joseph Guede, raia wa Ivory Coast. Mabao yakahamia kwa viungo. Stephane Aziz Ki ndiye aliyemaliza kinara wa ligi kwa mabao 21, akifuatiwa na Feisal wa Azam aliyefunga 19. Na zile dakika 180 dhidi ya Sundowns bila bao hata moja ziliwafanya mashabiki wengi wamkumbuke mtetemaji wao.

Mayele naye subira yake ililipa. Alikuwa kwenye kikosi cha DR Congo kilichomaliza nafasi ya 4 kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Mwaka uliofuata Pyramids ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Sundowns. Mechi ya kwanza Pretoria ikaisha 1-1. Juni 1, 2025 jijini Cairo, Mayele alifunga bao la kwanza na Pyramids ikashinda 2-1. Kombe lile la Afrika lililomponyoka akiwa na Yanga, akalipata kubwa zaidi akiwa na jezi nyingine.

Yanga ilipata pesa na ikaendelea kuwa bingwa wa nchi. Mayele alipata mkataba na kombe. Aliyebaki na maumivu bila fidia ni shabiki.

Na ile habari ya kurogwa?

Kila straika anapoondoka klabu kubwa, maneno ya ushirikina hayakosekani. Akikosa mabao mechi 4, "amefungwa". Aliyeachwa asipofunga, "ameachiwa gundu".

Watu wa Sumbawanga wameyachoka maneno haya kuliko wengine. Mji wao umepakaziwa sifa ya uchawi kwa miaka, wakati jina lenyewe kwa Kifipa hutafsiriwa "tupa uchawi". Ni mji unaokuambia uache hayo mambo mlangoni kabla hujaingia.

Ukame wa mabao wa straika aliyehama una maelezo ya kawaida kabisa. Lugha mpya, kocha mpya, mawinga ambao hawajui anapenda krosi ya wapi, joto la Cairo, mabeki ambao hajawahi kukutana nao. Miquissone na Chama nao walikwenda kaskazini wakiwa nyota, na wote wawili baadaye wakarudi Simba. Hakuna aliyehitaji mganga kulielezea hilo. Kuhama ni kazi.

Ufipa inahusika wapi?

Rukwa siyo mgeni wa soka kubwa. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ilitumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kama nyumbani. Oktoba 22, 2020 Simba, bingwa mtetezi, ilipanda Ufipa na kulala 1-0 kwa bao la Samson Mbangula. Siku hiyo watoto waliokuwa uwanjani walimwona straika wa "timu ndogo" akiangusha mbuyu, kwenye mji wao, bila kuhitaji televisheni.

Baadhi ya watoto hao sasa wana miaka 15, 16 na 17. Na hapa ndipo hadithi ya Mayele inageuka kuwa somo la pesa.

FIFA ina utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza miaka 23. Mgawo uko hivi:

- Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15: asilimia 0.25 ya ada.
- Kila mwaka kati ya miaka 16 na 23: asilimia 0.5 ya ada.

Tuseme kijana amesajiliwa na timu ya Sumbawanga akiwa na miaka 13, 14, 15, 16 na 17. Baadaye anakwenda Dar es Salaam, anang'ara, na akiwa na miaka 24 anauzwa nje kwa Dola 200,000. Miaka 3 ya kwanza ni asilimia 0.75. Miaka 2 ya mwisho ni asilimia 1. Jumla ni asilimia 1.75, yaani Dola 3,500. Kwa hesabu ya Dola 1 kwa Sh2,500, hiyo ni Sh8.75 milioni.

Akiuzwa kwa Dola 1 milioni, timu ile ya Sumbawanga inastahili Dola 17,500, ambazo ni Sh43.75 milioni. Mipira, jezi, nauli za kwenda mashindano na kodi ya uwanja vinapatikana humo.

Sasa rudi kwenye sababu ya kwanza. Mchango huu unatoka kwenye ada ya uhamisho. Mchezaji akisubiri mkataba uishe akahama bure, hakuna ada, na bila ada hakuna asilimia 5. Kwa hiyo kuuzwa kwa Mayele akiwa ndani ya mkataba hakukuwa habari njema kwa Yanga peke yake. Kwa utaratibu huo, klabu zilizomlea utotoni kule Congo nazo zinakuwa na haki ya kudai fungu lao.

Timu za mtaani zifanye nini?

Shida kubwa ni karatasi. Kijana anaweza kucheza Kizwite miaka 5, ila kama hakusajiliwa rasmi, kwa FIFA ni kama hakuwahi kuwepo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu kinachopitisha malipo haya, na kinafuata kumbukumbu za usajili, siyo maneno ya mwenyekiti.

Mambo ya msingi ni haya:

- Timu isajiliwe kupitia chama cha soka cha wilaya na mkoa, ili itambulike na TFF.
- Wachezaji wasajiliwe kila msimu, kuanzia wakiwa na miaka 12, kwa jina la cheti cha kuzaliwa. Jina la utani halilipwi.
- Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Ukimpunguzia kijana umri ili acheze mashindano ya vijana, unaharibu kumbukumbu zitakazokulipa baadaye.
- Kijana anapohama, uhamisho uandikwe. Kumruhusu aondoke kwa mdomo ni kutupa miaka yote uliyomlea.

Kwa wazazi na vijana wenyewe, kuna jambo moja la kuangalia sana. FIFA inakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa masharti maalumu machache. Mtu akija Sumbawanga akasema ana nafasi ya Misri au Uturuki kwa kijana wa miaka 16, na anaomba "pesa ya karatasi" kwanza, hapo pana shida. Wakala halali ana leseni, na inaweza kuulizwa. Mkulima hampi dalali asiyemjua gunia lumbesa kwa ahadi ya kulipwa kesho. Kwa mtoto wake asifanye hivyo pia.

Na kijana akifanikiwa kupewa mkataba wa kwanza, asiangalie mshahara peke yake. Aulize mambo 3: unaisha lini, nani anaweza kuuvunja na kwa kiasi gani, na klabu ikiniuza mimi napata nini. Feisal, Dube na Mayele walikuwa na vipaji vikubwa wote. Kilichofanya mmoja aondoke kwa amani na wengine wakae nje miezi kadhaa kilikuwa kwenye kurasa za mkataba.

Dirisha la usajili la katikati ya mwaka hufunguka wakati mahindi ya Ufipa yanatoka shambani. Jina lingine kubwa litaondoka, Simba au Yanga, na vibanda umiza vitawaka tena. Kabla ya kuuliza kama anaipenda timu au haipendi, swali la kwanza liwe hili: amebakiza miezi mingapi?